Samaki Wasio na Mikia

Kisanduku cha barafu kilipofika maabara asubuhi ile, Bi Barafu ndiye aliyekipokea. Jina hilo alibandikwa na wenzake. Yeyote aliyeleta samaki bila barafu ya kutosha alirudishwa mlangoni na maneno yanayochoma, awe dereva, awe afisa mwenye gari la kiyoyozi. "Ubongo wa samaki ukishapata joto haunifai hata kwa kumlisha paka," aliwafokea. "Rudi nao." Watu wakamwogopa, naye akaona ni afadhali aogopwe kuliko apoteze kazi ya siku nzima.

Safari hii barafu ilikuwa ya kutosha. Aliinua kifuniko, akamtoa samaki wa juu, akabaki amemshika mkononi.

Alikuwa perege. Ameparwa magamba, hana mapezi, na mkia umekatwa kwa mshazari, mkato mmoja safi kama wa karatasi. Akatoa mwingine. Vilevile. Akapekua hadi chini ya kisanduku. Wote walikuwa hivyo hivyo, vichwa vizima na macho yamemtumbulia, lakini mkia hakuna hata mmoja.

Lebo ilikuwa na namba badala ya jina. Majina ya wenye mali yalibaki kwa afisa wa soko, na maabara haikuyauliza. Chini ya namba paliandikwa: perege wa ziwani, wanashukiwa kuvuliwa kwa dawa ya wadudu. Lakini Bi Barafu hakuhitaji jina. Soko zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyekata samaki namna ile.

"Wifi," alisema peke yake, na haikuwa salamu.

Wifi yake, dada wa mume wake, alijulikana sokoni kwa jina la Bi Mkato. Wauzaji wengine walikukabidhi samaki na magamba yake, ukahangaike naye mwenyewe nyumbani. Kwa Bi Mkato ulipewa samaki aliye tayari kwa sufuria, hana gamba wala pezi wala mkia, na wanawake wa maofisini walipanga foleni kwake hata vizimba vya jirani vikiwa vitupu. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa mama yake na begi moja, na kwa muda mrefu alikula akiwa ameinamisha kichwa. Kizimba ndicho kilichomwinua. Siku hizi yeye ndiye aliyeinua sauti kuliko wote mezani, na aliyepokea sehemu kubwa ya sauti hiyo ni mke wa kaka yake.

Hawa wawili hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Siku ya kwanza Bi Barafu alipoletwa nyumbani pale kama bibi harusi, wifi yake alimnusa begani mbele ya wageni, akasema, "Kaka, umetuletea mzoga." Mtu anayeshinda ndani ya utumbo wa samaki kuanzia alfajiri! Baadaye akawaambia majirani kwamba wifi yake hubeba samaki waliokwisha kupimwa sumu na kuwatia kwenye mchuzi wa familia. Mama mmoja wa nyumba ya tatu hadi leo hagusi chakula cha nyumba ile. Na koti jeupe la maabara, lililofuliwa na kuanikwa, liliwahi kuokotwa jalalani. Bi Mkato alipoulizwa alijibu, "Nilidhani ni sanda."

Bi Barafu alifunga kisanduku, akaenda kwa mkuu wa maabara. Huyu walimwita Bwana Leo-Leo, kwa kuwa kwake hapakuwa na kazi ya kesho.

"Mkuu, hawa samaki ni wa wifi yangu."

"Umejuaje? Wamekusalimia?"

"Mkato wake naujua."

Mkuu alivua miwani, akaisugua kwenye tai. "Sasa unataka nifunge maabara? Mwenzako yuko nyumbani ananyonyesha. Wewe fanya, mimi nitasimama hapohapo nisome namba pamoja na wewe. Familia nzima imelazwa kwa kutapika baada ya kula samaki, na afisa wa soko amenipigia mara chungu nzima. Kizimba ameshakipiga kufuli. Tukisema sumu, kinachukuliwa moja kwa moja na huyo mama hauzi tena hata dagaa. Tukisema hakuna, anafunguliwa. Majibu yatoke leo."

Basi akafanya. Alipasua vichwa juu ya barafu, akachomoa bongo ndogo, nyeupe, laini kama uji ulioganda. Alizisaga kila mmoja peke yake, akazizungusha kwenye mashine mpaka maji ya juu yakawa meupe pe. Humo ndani ya maji hayo mna kimeng'enya kinachosaidia mishipa ya fahamu kufanya kazi. Dawa ya wadudu hukinyonga. Samaki aliyevuliwa kwa sumu hufa na kimeng'enya chake kimelala, na hapo hata umwoshe kwa sabuni na ndimu, ubongo wake umeshamchongea.

Namna ya kukipima ni rahisi kuitazama. Unatia dawa ya kupimia ndani ya maji ya ubongo, unangoja. Ubongo mzima hugeuka njano, njano iliyoiva, haraka. Ubongo wenye sumu hujikokota.

Kwenye kabati la friza kulikuwa na vichupa vya bongo za samaki wazima, vya kulinganishia. Bi Barafu alichukua vya perege wa ziwani, kama lebo ilivyosema. Akavipanga upande mmoja, vya wifi upande wa pili. Akatia dawa.

Vya ziwani vikawaka njano kama ua la alizeti. Vya wifi vikabaki vimepauka, njano ya maji ya mchele.

Mkuu akasoma namba kwenye mashine. Akasoma tena. "Chini ya nusu. Rudia."

Akarudia. Vikapauka vilevile.

"Sumu," mkuu akasema, na mkono tayari uko kwenye simu. "Nitaandika leo, wewe utasaini kesho asubuhi, afisa atakuja kuchukua."

Bi Barafu aliosha mikono kwenye sinki, akipitisha brashi chini ya kucha. Kitu kilicheka ndani yake. Alijaribu kukikanyaga, kikacheka zaidi. Alimwona wifi yake amesimama mbele ya kufuli, hana kisu, hana foleni, hana pa kuelekeza ule mdomo. Nani mzoga sasa? aliwaza. Na alipokunja koti lake alilikunja taratibu, kwa starehe, kama mtu anayekunja nguo mpya.

Nyumbani alikuta moto umeshawaka. Bi Mkato alikuwa katikati ya sebule, kanga imemlegea kiunoni, mikono hewani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Mume wa Bi Barafu alikuwa ameinamia simu kama mtu anayetafuta humo mlango wa kutokea.

"Kufuli kubwa kama ya jela! Mchana kweupe! Na yule wa nyanya amesimama anatafuna tu, anatazama kama sinema!" Bi Mkato alimwona wifi yake mlangoni, akamgeukia. "Karibu, daktari wa mizoga. Njoo ushangilie."

"Habari za jioni, mama," Bi Barafu alimwamkia mama mkwe, akaingia jikoni kuchukua sahani.

"Ati samaki wangu wana sumu! Mimi! Samaki niliowachagua kwa mikono yangu hii, wanarukaruka ndani ya beseni, mmoja kanirushia maji mpaka jichoni! Samaki mwenye sumu anaruka? Mama, umewahi kuona maiti inaruka?"

Bi Barafu alikuwa ameshika upawa. Ukasimama hewani.

Ziwa lilikuwa mbali. Samaki wa ziwani walifika sokoni ndani ya lori, wamekufa tangu jana yake, wamelala katikati ya mabonge ya barafu. Hakuna aliyewahi kumleta mmoja akiwa hai. Waliofika hai, kwenye mapipa ya maji, ni wale wanaofugwa kwenye mabwawa nyuma ya kiwanda cha matofali. Wanafanana na wa ziwani kichwa kwa kichwa, jicho kwa jicho. Watu huwadharau, husema nyama yao ina ladha ya tope, na bei yao iko chini. Tofauti inayoonekana kwa macho ni moja. Mkia wa samaki wa bwawani una mistari.

Alirudi sebuleni na sahani tupu mkononi. "Wifi, walikuwa hai?"

"Walikuwa wanaimba!"

"Wa ziwani wanafika hai tangu lini?"

Hata mume aliinua uso kutoka kwenye simu. Bi Mkato alifunga kanga yake upya, akaikaza kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Mama, unasikia? Kaanza. Mimi nimefungiwa riziki, yeye ananifanyia mahojiano. Samaki wangu ni wa ziwani. Nimewauza wa ziwani, wataitwa wa ziwani mpaka siku ya kiama. Umeelewa au nikuandikie?"

"Kama ni wa bwawani, mwambie afisa asubuhi na mapema. Itakusaidia."

"Itanisaidia nini? We unajua nini?" Bi Mkato akamsogelea mpaka pumzi zao zikakutana. "Wako kwako, eh? Samaki wangu wako mezani kwako."

"Kazini hatujui samaki ni wa nani."

Ulikuwa uongo, na kila aliyekuwa pale aliuona. Mama mkwe alikohoa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyanoa kabla ya kuyatoa.

"Mke wa mwanangu."

"Abee, mama."

"Sikuulizi ya kazini kwako. Lakini kesho ukishika kalamu, kumbuka hiyo sahani uliyoshika ni ya nyumba gani. Binti yangu akikosa kizimba, wewe utaondoka hapa na hilo koti lako, na mwanangu atachagua kama anakufuata."

Bi Barafu alimtazama mume wake. Mume wake akaitazama simu.

"Mama," akasema, na sauti ilimtoka ndogo kuliko alivyotaka, "siwezi kuandika ambacho sikukiona."

"Basi uone vizuri," mama mkwe akajibu.

Bi Mkato akacheka kicheko cha puani. "Ataona nini huyu? Tangu lini kunguru akaona kifaranga wa kuku ana haki?" Akampokonya sahani, akairudisha kabatini kwa kishindo.

Asubuhi ripoti ilikuwa juu ya meza ya mkuu, imechapwa, imenyooka, inangoja saini yake tu. Kalamu ilikuwa pembeni. Bi Barafu alisoma mstari wa mwisho: dalili za wazi za sumu ya wadudu.

Hakuna aliyemlazimisha kusema lolote. Lebo ilisema ziwani. Alilinganisha na ziwani. Namba zilikuwa namba, mkuu mwenyewe alizisoma. Wifi alipewa nafasi ya kusema ukweli mbele ya mama yake mzazi, akaitupa. Angetia saini, angekwenda kunywa chai, na jioni angerudi nyumbani akafukuzwe kwa heshima. Hata kufukuzwa huko kulikuwa na utamu wake: wifi hana kizimba, yeye hana wifi.

Lakini alijua alichokifanya jana. Kila siku, mkia usipoonekana, alikuwa akiuliza: huyu ni samaki gani hasa? Lilikuwa swali la kwanza alilowafundisha wanafunzi wa mazoezi. Kimeng'enya cha samaki huyu si cha samaki yule. Huwezi kusema mtu ni mfupi kwa kumpima kando ya twiga. Jana hakuuliza. Hakuuliza kwa sababu jibu alilolipata lilimpendeza.

"Mkuu, sisaini."

Bwana Leo-Leo alishusha kikombe. "Unasemaje?"

"Sidhani kama hawa ni wa ziwani. Kama ni wa bwawani, tumewalinganisha na samaki asiye wao. Nataka nipime aina kwanza."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Sikuuliza."

"Jana hukuuliza. Leo, baada ya kulala nyumba moja na mwenye mali, umeuliza." Mkuu alisimama. "Unajua hii inanuka vipi? Nimeshamwambia afisa ni sumu! Nimemwambia kwa mdomo wangu huu! Nimpigie nimwambie nini, fundi wangu kapatana na wifi yake?"

"Hatujapatana, Mkuu. Hatujawahi kupatana. Ningekuwa nampenda nisingethubutu kukuambia."

Mkuu alimkata jicho refu. Kisha akaenda kwenye friza mwenyewe, akatoa samaki mmoja, akamgeuza huku na huku chini ya taa. Akapitisha kidole pale mkia ulipokatwa.

"Huyu mama anakata mikia yote?"

"Yote. Wateja wanasema ni usafi."

"Usafi." Alimrudisha samaki kwenye barafu kwa hasira, kana kwamba samaki ndiye aliyemdanganya. "Na mimi nikapokea lebo kama mtoto. Fanya. Lakini nitakaa kwenye kiti hiki, nione kila kisu unachoshika. Ukinichanganyia nyama, nitakufukuza leo hii."

Alifanya kazi hiyo mkuu akiwa mgongoni kwake, anapumua kama ng'ombe. Alimkata kila samaki kipande cha nyama kidogo kama punje ya mchele. Kila baada ya samaki alivua glavu, akavaa nyingine, akapitisha kisu kwenye spiriti na moto, kwa maana chembe moja tu ya huyu ikimfikia yule, majibu yote yanakuwa upuuzi. Akaiyeyusha nyama, akachuja humo vinasaba, ule urithi ambao samaki haubadilishi hata umparue, umkate, umkaange. Akaweka na nyama ya samaki wa ziwani aliyejulikana, na ya wa bwawani aliyejulikana, na kichupa kimoja cha maji matupu.

Mashine ikaanza kupasha moto na kupoza, kupasha na kupoza, kila mara kipande kilekile cha vinasaba kikizaa mwenzake, mpaka vikawa vingi vya kutosha kuonekana. Kisha akatia dawa inayokata. Kipande cha samaki wa ziwani hakikatiki kwa dawa hiyo, kinabaki kizima. Cha samaki wa bwawani hukatika viwili. Akavimimina kwenye vishimo vya jeli, akawasha umeme ili uvivute, vifupi vikimbilie mbele na virefu vibaki nyuma.

Afisa wa soko alipiga simu. Mkuu alimjibu kwa ukali kwamba maabara si kioski cha chipsi. Alipokata simu akamwambia Bi Barafu, "Hilo tusi ni lako, nimempa yeye tu."

Walizima taa ya chumba, wakawasha taa ya zambarau chini ya jeli. Samaki wa ziwani: mstari mmoja. Wa bwawani: miwili. Samaki wa Bi Mkato, wa kwanza hadi wa mwisho: miwili, miwili, miwili.

"Na maji yako?" mkuu akauliza.

"Matupu."

Mkuu aliinama akahakikisha mwenyewe. Kisha akamtuma dereva mabwawani kuleta samaki hai, na walipofika kwenye ndoo, wazima na mikia yao yenye mistari, Bi Barafu aliwapasua palepale na kupima bongo zao. Safari hii aliweka vichupa karibu karibu, vya mabwawani na vya wifi, akatia dawa. Vyote vikageuka njano ya maji ya mchele. Huwezi kusema hiki ni cha nani. Hivyo ndivyo walivyo samaki wale, wanaumbwa na njano pungufu.

Mkuu aliichukua ripoti ya kwanza, akaichana. "Sumu hakuna," akasema. "Kuna uongo. Andika vyote viwili."

"Tuliulizwa sumu tu, Mkuu."

"Na utajibuje kwamba hakuna sumu bila kusema ni samaki gani? Hebu jaribu."

Alijaribu, kichwani, akiwa amesimama na kalamu. Haikuwezekana. Jambo lililomtoa wifi shimoni ndilo hilohilo lililomvua nguo mbele za watu. Akaandika.

Kesho yake afisa alikuja na Bi Mkato mwenyewe, kwa kuwa sheria ilitaka mwenye mali asikie. Walikaa kwenye chumba kidogo cha mapokezi, penye kiti kimoja kibovu, na Bi Mkato ndiye aliyekipata. Mama mkwe alisimama nyuma ya binti yake. Mkuu alisoma kwa sauti kavu. Hakuna dalili ya sumu ya wadudu. Kilichowatapisha wagonjwa kitafutwe kwingine.

Bi Mkato alinyanyuka. "Si nilisema! Mama, si nilisema!" Akamgeukia wifi yake, uso umemwiva. "Umeumbuka! Ulitamani, ukaumbuka!"

"Sijamaliza," mkuu akasema. "Samaki waliopimwa wote si wa ziwani. Ni wa bwawani."

Afisa aliandika kitu. Alikuwa mtu mnene, mpole, na upole wake ndio uliochoma. "Mama, kufuli nitafungua kesho. Kizimba ni chako. Lakini utawaambia wateja unauza nini, kwa mdomo, kila anayenunua. Nitapita kusikiliza. Nikikuta umewaita wa ziwani, nafunga moja kwa moja."

Nje dereva alikuwa anaosha ndoo, na maji yaligonga saruji.

Mama mkwe ndiye aliyetangulia kutoka, hakumtazama binti wala mke wa mwana. Mkuu na afisa wakaingia ofisini. Mawifi wakabaki, kiti kibovu katikati yao.

"Umefurahi," Bi Mkato akasema.

"Nilifurahi juzi. Leo sikufurahi."

"Juzi ulifurahi nini?"

"Nilipodhani ni sumu."

Bi Mkato alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji pungufu na anayemjua mwizi. "Afadhali ungeacha hivyohivyo. Ya sumu ningelia sokoni, ningesema nimeuziwa, nimetapeliwa, mjane wa mtu aliye hai, nioneeni huruma. Wangenichangia. Ningeanza tena hata kwa vitumbua. Hii ya mikia nitaisingizia nani? Hii nimekata mwenyewe. Mmoja mmoja."

"Wangekupeleka polisi, wifi. Kizimba ungekikosa kabisa."

"Ningekikosa nikiwa bado Bi Mkato. Sasa unanirudishia kizimba, nimekuwa nani?" Aliokota mkoba wake. "Na usijidanganye kwamba umeniokoa. Hukuniokoa. Uliogopa kukosea. Kwako mimi na yule samaki ni mamoja, tumelala mezani."

Bi Barafu alifungua mdomo. Alitaka kusema, wewe ndiye uliyenifanya hivyo. Alitaka kusema na koti langu je, na ule mzoga wa siku ya harusi je. Lakini katika yote aliyosema wifi yake tangu wajuane, hilo la mwisho ndilo la kwanza ambalo hakuweza kulikana. Wifi yake akatoka.

Jumamosi mama mkwe alimpa kikapu. Hakumfukuza, wala hakumwambia akae. "Nenda ukanunue samaki kwa wifi yako," akasema. "Mbele za watu. Wajue nyumba hii inakula kwake."

Kizimba kilikuwa wazi. Foleni haikuwepo, walikuwepo watu wachache, na muuza nyanya aliyeegemea nguzo, anatafuna. Bi Mkato alikuwa na kisu chake. Alimwona wifi yake anakuja tangu mbali, na hakuonyesha hata kwa nyusi.

Mwanamke mmoja wa ofisini alikuwa mbele. "Hawa wa wapi leo?" akauliza, nusu kwa utani, na muuza nyanya akacheka kwa sauti.

Bi Mkato alipigilia kisu kwenye ubao. "Wa bwawani," akasema. "Unataka, hutaki?"

Yule mwanamke alisitasita, akagusa samaki mmoja, akaangalia bei. Akanunua mmoja, badala ya mafungu aliyozoea.

Ikawa zamu ya Bi Barafu. "Wifi, nipe wa kutosha chakula cha jioni."

"Wa bwawani," Bi Mkato akasema.

"Najua."

"Nimeambiwa nimwambie kila anayenunua. Wa bwawani." Alimpimia, akamfunga kwenye gazeti, akapokea malipo bila kugusa kiganja chake. "Na wewe unayejua kuliko sote, wapime kabla ya kula. Usije ukasema nimekuua."

Muuza nyanya alicheka tena. Bi Mkato akamgeukia, akanyoosha kisu kumwelekea. "Na wewe! Nyanya zako zinatoka wapi, mbinguni? Kila mtu hapa ana bwawa lake!" Kisha akaikazia sauti, ile sauti iliyozoea kujaza sebule, akaipeleka kwenye njia yote ya soko, usoni kwa wote, kwa ghadhabu tupu. "Wa bwawani! Haya, wa bwawani hapa! Walikuwa wanaruka asubuhi hii, wazima wa afya, wamepimwa mpaka ubongo! Nani mwingine samaki wake wamepimwa ubongo? Nionyesheni!"

Watu wawili watatu waligeuka. Mmoja akasogea.

Bi Barafu alisimama kidogo na kikapu chake, akingoja kama kuna neno lingine. Halikuwepo. Wifi yake alikuwa ameshamwinamia mteja mpya, na alipopitisha kisu pembeni kukwangua ubao, maji ya samaki yaliruka yakamlowesha Bi Barafu miguu yote miwili. Huenda ni bahati mbaya. Hakuuliza, na mwenzake hakuomba radhi.